Jiko la makaa lina historia, na historia hiyo ni ya hewa

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana na mteja mmoja alinikosesha usingizi. Sasa nimerudi, na leo siandiki juu ya hifadhidata wala lugha mpya ya kuandikia programu. Leo naandika juu ya nyama. Nivumilieni. Kabla hatujamaliza mtaona ni lile lile swali letu la siku zote: kazi ipi afanye mtu, na ipi aachiwe mashine?

Mambo yalianza hivi. Nina kaka, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Kansas City, Missouri, huu ukiwa mwaka wake wa tisa huko. Mwaka jana mama mkubwa alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwenda kumwona. Kaka akataka kumpikia mama yake chakula cha mji aliouzoea, yaani kidari cha ng'ombe kilichoiva kwa moshi polepole, kutwa nzima. Akanunua kidari cha kilo 6, akanunua na jiko la moshi la bei nafuu, lile lenye umbo la bomba lililolala na kisanduku cha moto ubavuni. Saa kumi alfajiri akawasha moto. Saa kumi na mbili jioni akakata nyama mbele ya wageni. Nje ilikuwa nyeusi na chungu kama masizi, ndani ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Mama mkubwa alitafuna kimya kimya, kisha akasema, "Asante mwanangu, umejitahidi."

Mkenya yeyote anajua uzito wa maneno hayo.

Baada ya miezi kadhaa kaka akanipigia simu. "Ndugu yangu, wewe ndiye uliyesomea kompyuta. Mama anarudi Desemba. Nina dola 500, na nimejiandikisha kwenye mashindano ya watu wasio wataalamu mwezi wa tisa. Nitafutie jiko, tena usinitajie lile lililoniaibisha."

Nikafanya ninavyofanya nikikabidhiwa programu ya zamani iliyoandikwa na watu nisiowajua. Siulizi kwanza ipi ni bora. Nasoma historia ya mabadiliko yake: nani alibadilisha nini, na alikuwa anakimbia tatizo gani. Haya ndiyo niliyoyapata.

SHIMO

Neno barbecue linatokana na barbacoa, neno ambalo Wahispania walilikuta kwa wenyeji wa visiwa vya Karibea. Lilitaja jukwaa la vijiti lililowekwa juu ya moto. Katika makoloni ya Kiingereza, hasa Virginia na Carolina, upishi huo ukawa wa handaki. Ardhi ilichimbwa, kuni ngumu zikachomwa pembeni hadi zikawa makaa, makaa yakatandazwa chini kwa sepetu, na nguruwe mzima akalazwa juu ya fito. Mwaka 1769 George Washington aliandika katika shajara yake kwamba alikwenda Alexandria kwenye sherehe ya aina hiyo akakaa usiku kucha.

Sasa uliza swali la fundi: mtambo huu unadhibitiwa na nini? Hauna kifuniko wala tundu la hewa. Hauna kipimajoto. Kidhibiti ni mtu mwenye sepetu. Yeye ndiye anayesikia mafuta yakidondoka haraka kupita kiasi, anayepitisha kiganja juu ya nyama kupima joto, anayejua makaa yaongezwe upande wa paja na si upande wa mbavu. Programu yote imo kichwani mwake. Na katika majimbo hayo ya kusini mtu huyo kwa kawaida alikuwa mtumwa Mwafrika. Jina la aliyekula tunalo kwenye shajara. Majina ya waliokesha karibu yote yamepotea.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, ujuzi ule ukahamia mijini pamoja na wenyewe. Huko kwa kaka yangu, mtu anayetajwa kama baba wa barbecue ya Kansas City ni Henry Perry, Mmarekani Mweusi aliyetoka upande wa Memphis akaanza kuuza nyama ya moshi mjini humo takriban mwaka 1908, akiifunga kwenye magazeti. Waliomrithi, Charlie Bryant na mdogo wake Arthur, ndio waliolipeleka jina la mji huo mbali. Kumbuka hili tukiendelea, kwa sababu kila jiko lililofuata ni jaribio la kuchukua sehemu ya ujuzi wa mtu mwenye sepetu na kuigeuza kuwa chuma au udongo.

BOMBA

Texas ya kati ilifuata njia nyingine. Wachinjaji wenye asili ya Ujerumani na Ucheki walikuwa na bucha, na katika mji kama Lockhart nyama ilipikwa katika majiko marefu ya matofali, moto ukiwa mwisho mmoja na moshi ukipita juu ya nyama kuelekea bomba la upande wa pili. Baadaye mafundi wa kuchomelea vyuma wa Texas na Oklahoma, nchi za visima vya mafuta, wakagundua kwamba kipande cha bomba nene la chuma kinafanya kazi ile ile na tena kinaweza kuwekwa magurudumu. Ndilo jiko la bomba lenye kisanduku cha moto ubavuni.

Jiko hilo la asili lina chuma kinene, mara nyingi milimita 6 au zaidi. Chuma kinene kinabeba joto jingi, kwa hiyo moto ukipanda na kushuka nyama haitikisiki. Ndani yake unachoma vipande vidogo vya kuni, moto uko wazi na unapumua vizuri, na kila baada ya muda mfupi unaongeza kipande kimoja.

Hapa nikaona hitilafu iliyomwangusha kaka. Watengenezaji wa majiko nafuu walinakili umbo la bomba lakini hawakunakili uzito wake. Bati ni jembamba, milango inavuja, joto linaruka kila upepo ukivuma. Joto lilipozidi, kaka alifanya ambalo mtu yeyote angefanya: alifunga tundu la hewa. Kuni zikinyimwa hewa haziungui vizuri. Zinafuka moshi mzito mweupe uliojaa masizi na lami, na hayo yote yanaganda juu ya nyama. Yaani alinunua jiko linalomhitaji mkeshaji hodari kuliko yote, akidhani ndilo rahisi kwa sababu ndilo linalofanana na picha.

MAKAA YA HENRY FORD

Makaa yanasamehe kuliko kuni, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitu vinavyotoa moshi imekwisha kuondolewa wakati wa kuyachoma. Makaa ya kushindiliwa yalipata hataza Marekani mwaka 1897, mikononi mwa Ellsworth Zwoyer wa Pennsylvania. Aliyeyasambaza ni mtu wa magari. Gari la Ford Model T lilikuwa na sehemu nyingi za mbao, na kiwanda cha Ford huko Iron Mountain, Michigan, kilibaki na marundo ya vipande na vumbi la mbao. Miaka ya 1920 Ford akaanza kuyageuza kuwa vidonge vya makaa na kuviuza kupitia maduka yale yale ya magari yake. Jamaa aliyemsaidia kupata misitu hiyo aliitwa Edward Kingsford, na mwaka 1951 kampuni hiyo ya makaa ilipouzwa ikapewa jina lake.

Faida ya kidonge ni usawa. Kila kimoja kina ukubwa ule ule, kinaungua kwa mwendo ule ule. Kwa lugha yetu, Ford aliyapa makaa kiwango kimoja, na bila kiwango huwezi kujenga mashine ya kutabirika.

BOYA

Mwaka 1952 George Stephen, baba wa watoto 12, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers Metal Works, eneo la Chicago. Kiwanda kilitengeneza maboya ya chuma ya kuelea majini. Nyumbani alichoka na jiko lake la wazi: upepo ulipuliza majivu kwenye nyama, mvua ilizima moto. Akachukua maumbo ya boya, nusu moja ikawa bakuli, nusu nyingine kifuniko, akaongeza miguu. Inasimuliwa kwamba mara ya kwanza moto ulizimika alipofunika, mpaka jirani akamwambia atoboe matundu ya kuingiza hewa.

Matundu hayo ndiyo uvumbuzi wenyewe. Makaa hayawezi kuungua haraka kuliko oksijeni inavyoingia. Ukiwa na chombo kisichovuja, chenye tundu chini na tundu juu, huhitaji sepetu tena. Unazungusha kibati cha tundu la chini kidogo, moto unatii. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida, aliyetoka kazini Jumamosi, aliweza kushika joto bila kusimama pale saa nzima. Na ukiondoa kifuniko ukatandaza makaa, una nyama choma ya kawaida kama ya kwetu.

CHUNGU

Njia ya nne ilitoka Japani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wanajeshi wa Marekani waliokuwa huko walivutiwa na mushikamado, chungu kikubwa cha udongo chenye kifuniko, cha kupikia wali. Wakavibeba nyumbani. Mwaka 1974 Ed Fisher alifungua duka Atlanta akiuza vyungu hivyo, na biashara hiyo ndiyo Big Green Egg. Udongo wa mwanzo ulipasuka, baadaye wakatumia seramiki imara zaidi.

Hapa sisi Wakenya tuna la kusema. Jiko letu lenye kiuno, lile la bati lenye udongo ndani, lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuboresha jiko la bati la kawaida na kuchukua wazo la jiko la ndoo la Thailand. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba linaokoa asilimia 30 hadi 50 ya makaa. Kanuni ni moja: udongo unazuia joto lisipotee ubavuni, kwa hiyo moto mdogo unatosha, na moto mdogo unahitaji hewa kidogo. Chungu cha Kijapani kinaongeza kifuniko kizito kinachoziba kabisa. Ubaya wake ni huo huo uzuri wake. Joto likipita lengo, udongo haupoi upesi, utasubiri sana. Tena kikubwa kina zaidi ya kilo 70, na bei inazidi dola 1000. Kwa kaka, mlango huo ulifungwa na mfuko.

RISASI NA PIPA

Mwaka 1981 Weber walitoa jiko refu la moshi lenye umbo la risasi: makaa chini ndani ya pete, juu yake sufuria pana ya maji, juu yake nyama, kisha kifuniko. Maji hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo yanameza joto la ziada kabla halijafika kwenye nyama. Hicho ni chuma kinene cha Texas kilichogeuzwa kuwa maji, tena yananunuliwa kwa bei ya bomba la jikoni.

Lililokamilisha jiko hilo lilitoka kwa mtumiaji. Mshindani aitwaye Jim Minion alijaza pete kwa makaa ambayo hayajawashwa, kisha akamwaga juu machache yaliyowaka. Moto ukashuka polepole kutoka kidonge hadi kidonge, kama foleni inayohudumiwa kwa zamu, kwa saa nyingi bila kuongezwa. Mpaka leo njia hiyo inaitwa kwa jina lake.

Maskini naye hakuachwa. Pipa la chuma la lita 200 na kitu, likitobolewa matundu machache chini na kutundikwa wavu juu, ni jiko la moshi kamili. Fundi yeyote wa Gikomba angelitengeneza kwa mchana mmoja. Kwetu pipa hukatwa nusu kwa urefu, likaachwa wazi. Wao huliacha zima na kulifunika, na tofauti hiyo ndogo inageuza choma ya saa moja kuwa moshi wa saa nane. Ila uwe pipa lililobeba chakula, rangi ya ndani ichomwe yote, na usiguse bati lililopakwa zinki.

FENI NA HESABU

Mwaka 1922 Nicolas Minorsky alieleza kwa hesabu jinsi usukani wa meli unavyoweza kujiongoza wenyewe. Unaangalia vitu vitatu: umepotoka kiasi gani sasa, umepotoka kiasi gani kwa jumla tangu mwanzo, na unapotoka kwa kasi gani. Vidhibiti vya aina hiyo leo viko viwandani kote, na tangu miaka ya 2000 viko kwenye majiko. Kipimajoto ndani ya jiko kinasoma, kompyuta ndogo inapiga hesabu, feni ndogo inapuliza hewa kwenye tundu la chini. Upo hata mradi wa chanzo huria, HeaterMeter, unaojengwa juu ya Raspberry Pi. (Naam, nilikesha nikisoma msimbo wake. Msinicheke.)

Kwa hiyo safari imetimia. Aliyekesha na sepetu amekuwa feni na mistari michache ya msimbo. Ningeweza kumwambia kaka anunue feni alale. Lakini kwanza nikasoma sheria za mashindano.

HAKIMU HALIONI JIKO

Mashindano makubwa yalianza miaka ile ile majiko haya yalipoenea: Memphis mwaka 1978, American Royal ya Kansas City mwaka 1980, na chama cha Kansas City Barbeque Society katikati ya miaka hiyo. Kwa sheria za chama hicho gesi na umeme haviruhusiwi kupika nyama. Ni makaa, kuni au vidonge vya mbao. Feni ya kupuliza hewa inaruhusiwa. Waamuzi sita wanaletewa kisanduku chenye namba, bila jina. Wanatoa alama 2 hadi 9 kwa mwonekano, ladha na ulaini. Mwonekano unazidishwa kwa 0.56, ulaini kwa 1.1428, ladha kwa 2.2972. Alama za mwamuzi wa chini kabisa zinaondolewa, na kilele ni 180.

Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya nusu ya alama ni ladha, na ladha inaharibiwa kwanza na moshi mchafu. Hakuna alama ya jiko. Na katika kundi la wasio wataalamu, mara nyingi nyama ni mbili tu, kuku na mbavu za nguruwe. Hakuna kidari cha saa 14.

Basi nikamwandikia kaka hivi. Kama unataka jiko moja la kila siku, choma ya Jumapili na mbavu mara moja moja, chukua la boya la sentimita 57. Kama unataka mashindano na kidari cha mama, chukua la risasi, hata lililotumika, mradi kifuniko kikae sawa na mlango usivuje. Ukiwa na fundi na muda, pipa. La bomba, mpaka upate chuma kinene na uwe tayari kukesha. Chungu, siku utakapopandishwa mshahara. Feni iache kwanza. Ukianza na feni, siku betri ikifa mbele ya waamuzi hutajua moto unasema nini. Pesa itakayobaki nunua kipimajoto kizuri cha vipini viwili, kimoja cha nyama na kimoja cha wavu, na mifuko ya makaa ya mazoezi. Na baridi ya Missouri ikija, usiingize jiko ndani ya banda la gari wala sebuleni, hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya makaa haina harufu, na inaua. (Nanyi wa Limuru na Nyahururu mnaolala na jiko mwezi wa saba, hili ni lenu pia.)

Kaka alinunua la risasi, lililotumika, dola 180. Nikampa kazi ya nyumbani ambayo aliichukia: aliwashe mara tatu bila nyama, ashike nyuzi 115, aandike joto kila dakika 15 pamoja na tundu lilivyokuwa. Alilalamika kwamba majirani wanamwona mwendawazimu, Mwafrika anayekaa uani saa saba akitazama sufuria ya maji. Akanitumia namba, nikazichora. Mchoro wa kwanza ulikuwa kama Mlima Kenya na vilele vyake vyote. Wa pili ulitulia baada ya saa tatu. Wa tatu ulinyooka tangu saa ya kwanza hadi ya saba, isipokuwa shimo moja.

Nikamuuliza, "Kaka, hapa saa nane mchana palitokea nini?"

"Nilifungua kifuniko."

"Kwa nini, na ndani hamna nyama?"

"Nilitaka kusikia harufu ya moshi. Sasa haunuki uchungu, ndugu yangu. Unanuka kama kuni za kwa nyanya."

Sikumkosoa. Mbavu ataanza kuzijaribu Jumamosi hii. Mashindano ni mwezi wa tisa, na mama mkubwa amekwisha kata tiketi ya Desemba. Matokeo nitawaletea, hata yakiwa ya aibu. Haya, kwaherini kwa leo.